Udhibiti wa plastiki, Nyanda za Juu Kusini

Udhibiti wa plastiki, Nyanda za Juu Kusini, ni jumla ya njia za kuzuia taka za plastiki za Mbeya na Iringa zisiingie mitoni. Iringa iko mbali na pwani, lakini Ruaha Mdogo unaopita mjini humo humwaga maji katika Ruaha Mkuu, nao huingia Rufiji na hatimaye Bahari ya Hindi. Njiani yapo mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, ambayo hupunguza kasi ya maji na kunasa sehemu ya taka. Mito ya Jiji la Mbeya huelekea Ziwa Rukwa, lisilo na njia ya kwenda baharini. Plastiki ya jiji hilo hubaki huko huko.

Vizuizi vinavyoelea mtoni hunasa vitu vinavyoelea tu. Kifuniko cha chupa ya maji huelea, lakini chupa yenyewe ikijaa maji huzama. Ndiyo maana mwokota makopo, anayeipata kabla ya mvua, hufanya kazi ambayo kizuizi cha mtoni hakiwezi. Chupa hizo hutenganishwa, hufungwa marobota, kisha husagwa viwandani.

Sheria nayo imesaidia: Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Chupa hazikuguswa.