Kuzuia kutu katika injini zinazopozwa kwa maji

Kutu ya mfumo wa kupoza injini ni kuliwa kwa metali zinazoguswa na maji: chuma cha bloku na laina za silinda, alumini ya silinda hedi, shaba ya rejeta za zamani. Huletwa na oksijeni na chumvi zilizomo majini, na huongeza kasi pale metali mbili tofauti zinapokutana ndani ya maji hayohayo. Chuma na alumini vikikaa pamoja, alumini ndiyo hutangulia kutoboka.

Katika bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi Mlimba, hakuna baridi ya kugandisha maji, hivyo wengi huiona kulanti, kimiminika cha kupoza chenye kizuia kuganda, kuwa anasa. Ni dhana inayogharimu injini. Kulanti hubeba pia vizuia kutu, kama silikati, naitraiti au asidi za kikaboni, vinavyotandaza utando mwembamba juu ya metali. Naitraiti huzilinda hasa laina za dizeli, ambazo mtetemo wake huzua viputo vinavyopasuka na kuzichimba kutoka upande wa maji. Vizuia kutu hivyo huisha: kulanti za aina ya zamani hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, na nyingi za asidi za kikaboni hufika miaka 5. Kuongezea maji matupu mara kwa mara huzidhoofisha mapema.

Pawatila, yaani trekta ndogo za kusukumwa kwa mkono, zilizosambazwa kwa wingi baada ya mpango wa taifa wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, zinahitaji uangalizi wa peke yake, hasa zenye tangi la wazi juu ya injini. Humo maji huchemka, mvuke hutoka, mkulima huongeza mengine. Kila ndoo ya maji ya kisima huingia na oksijeni mpya na kuacha chumvi zake, mpaka ukoko unaizunguka silinda na kuzuia joto kutoka, huku kutu ikiendelea chini yake. Maji ya mvua yanafaa zaidi, yakikingwa baada ya paa kuoshwa na mvua za mwanzo. Ya mto huja na tope wakati wa masika.

Msimu wa kulima ukipita, pawatila husimama kwa miezi. Tangi likiachwa nusu, kutu hushika pale maji yanapokutana na hewa. Maji humwagwa yote injini ikiwa na uvuguvugu, ili unyevu uliobaki ukauke. Trekta na kombaini zenye rejeta huhifadhiwa kinyume chake, zikiwa zimejazwa kulanti.

Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta huashiria gasketi ya silinda hedi inayovujisha gesi za moshi, ambazo huyafanya maji kuwa na asidi. Kulanti mpya haisaidii mpaka gasketi hiyo ibadilishwe.