Merikebu ya Kupanga: Stevenson na Safari ya "Casco" Katika Visiwa vya Pasifiki, 1888–1889

Jina la Robert Louis Stevenson si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Kitabu chake cha maharamia na mali iliyofukiwa kilikuwa miongoni mwa hadithi za kigeni zilizotangulia kutafsiriwa katika Kiswahili Sanifu, kikaitwa Kisiwa Chenye Hazina, na wanafunzi wengi wamepitia kurasa zake. Si wengi, hata hivyo, wakumbukao kwamba mtungaji alipokiandika kitabu hicho alikuwa hajakanyaga kisiwa hata kimoja cha nchi za joto. Kitabu kilitoka mwaka 1883. Visiwa vyenyewe alikuja kuviona miaka 5 baadaye, na alivifikia kwa njia ambayo hata sasa ni ya wenye mali: alipanga merikebu ya starehe ya mtu mwingine, pamoja na nahodha na mabaharia wake, ikampeleka atakako.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili hapa. Kupanga ni kuweka mambo katika taratibu yake kabla hayajatendeka. Na kupanga ni kutumia mali ya mwenzio kwa kulipa ujira wa kila mwezi. Katika safari ya Casco maana hizo mbili zilikwenda sambamba mpaka kisiwa cha Tahiti. Huko ziliachana, na yale yaliyofuata ndiyo yenye faida kwa mwanahistoria.

Asili ya safari ilikuwa ugonjwa. Stevenson, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1850, aliugua mapafu tangu ujana wake, akitema damu mara kwa mara, na alifikiriwa kuwa na kifua kikuu. Baba yake alifariki Mei 1887, na mwaka huohuo mwana akahamia Marekani pamoja na mama yake mjane, Margaret, mkewe Fanny, na mwana wa mkewe, Lloyd Osbourne. Majira ya baridi waliyamaliza Saranac Lake, katika milima ya jimbo la New York, mahali penye theluji nyingi, ambapo watu walikaa ndani na kuzungumza habari za bahari. Ndipo akatokea S. S. McClure, mfanyi biashara ya magazeti, akaahidi kununua barua ambazo Stevenson angeziandika kutoka safarini. Kwa hiyo safari hii iliyoonekana ya anasa ilikuwa pia dawa, tena ilikuwa biashara. Stevenson alitenga pauni 2,000 katika urithi wake, akamweleza rafiki yake na wakili wake, Charles Baxter, kwamba asipopona, basi fedha hizo zimekwisha kwenda.

Kazi ya kutafuta chombo ilimwangukia Fanny, naye ndiye aliyestahili sifa ya mpangaji, ingawa vitabu vingi humsahau katika jambo hili. Alitangulia San Francisco, na kutoka huko akampelekea mumewe simu ya waya kwamba iko merikebu iitwayo Casco, ipatikanayo kwa dola 750 kwa mwezi, yenye nafasi ya watu 6 shetrini na 6 omoni, nayo yaweza kuwa tayari kwa muda wa siku 10. Mumewe alijibu mara moja kwamba aichukue.

Casco ilikuwa merikebu ya milingoti miwili, ya tani 74, mali ya Dakta Samuel Merritt wa Oakland. Mwenyewe hakuwa mwepesi wa kuitoa. Alikuwa amesoma magazetini habari za Stevenson, akamdhania kuwa mtu wa vituko. Hakukubali mpaka alipoonana naye uso kwa uso na kumwona kuwa na akili timamu kama yeye. Hata hivyo aliweka sharti moja, kwamba nahodha awe Albert Otis, aliyeizoea merikebu hiyo. Sharti hilo lilikuwa la hekima, kwa maana Casco haikuundwa kwa bahari kuu. Ilikuwa na milingoti mirefu na matanga mapana ya kushindania mbio, na sitaha yake ilikuwa chini karibu na maji. Upepo wa ghafula ungeweza kuilaza.

Nahodha Otis naye hakuwa na imani na abiria wake. Alimwona Stevenson amekonda mno, akachukua tahadhari ya kubeba vifaa vya kuzikia maiti baharini. Alipoulizwa siku moja angefanyaje kama mama yake Stevenson angeanguka majini, alijibu kwamba angeliandika jambo hilo katika daftari ya safari. Mabaharia wa sitaha walikuwa wanne, watatu Waswidi na mmoja Mfini, na mpishi Mchina aliyejiita Mjapani. Pamoja na jamaa ile alikuwamo Valentine Roch, mtumishi wao.

Waling'oa nanga San Francisco tarehe 28 Juni 1888. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Julai, waliiona nchi alfajiri, wakatia nanga katika ghuba ya Anaho, kisiwani Nuku Hiva, katika visiwa vya Marquesas vilivyokuwa chini ya Ufaransa tangu 1842.

Mapokezi hayakuwa kama yalivyotazamiwa. Wenyeji walipanda merikebuni na vitu vya kuuza, wakataja bei ambazo wageni walizikataa. Hapakuwa na salamu wala maneno ya karibu, na mmoja wao akakejeli kuwa ni ajabu merikebu nzuri namna ile kukosa fedha ndani yake. Stevenson, ambaye hakujua neno la lugha yao, alikiri baadaye kwamba aliingiwa na hofu. Yafaa jambo hili lifikiriwe kwa upande wa wale waliopanda. Kwa miaka mingi walikuwa wameona manowari, na meli za wawinda nyangumi, na za wachuuzi wa nazi kavu, na kila moja ilikuwa na haja yake. Sasa kimekuja chombo kisichonunua wala kuuza, wala hakikuleta padre wala askari, na ndani yake mna mahameli, vioo na shaba iliyosuguliwa. Ni haki yao kuuliza kimekuja kufanya nini.

Baada ya siku chache mambo yalilegea. Wenyeji walikuja makundi kwa makundi kuutazama ukumbi, wakapewa biskuti na sharubati, na mama mmoja mnene, kwa furaha ya kuigusa mahameli, aliinua vazi lake akajisugua juu ya mito bila haya. Stevenson aligundua pia namna ya kuwafungua watu kinywa. Alipotaka kisa cha kishenzi, kama alivyokiita, alitangulia kutoa kimoja cha kwao Uskochi: mizimu ya mitoni, watu waonao mambo kabla hayajatukia, koo za milimani zilizopigwa marufuku desturi na silaha zao baada ya kushindwa na Waingereza. Aliyekisikia alitoa chake kilichofanana. Wakusanyaji wa hadithi na tenzi katika pwani ya Afrika Mashariki wataitambua njia hiyo, kwani mzee hampi mgeni mkavu mkavu kilichomo kifuani mwake.

Jambo moja lilimwandama katika Marquesas, naye hakulificha. Alisimuliwa habari za kabila la Hapaa, lililokuwa na watu kama 400. Ndui iliwapunguza robo. Kisha mwanamke mmoja akashikwa na kifua kikuu, ukaenea bondeni kama moto, na katika muda usiotimia mwaka wakabaki watu wawili tu. Mwandishi aliyeyaandika haya alikuwa amelipa mamia ya dola kwa mwezi ili ayaponye mapafu yake kwa hewa ya visiwa hivyohivyo. Hakuna ushahidi wa kumshitaki kuwa alimwambukiza mtu. Lakini katika historia ya safari za starehe, ni mara chache msafiri na wenyeji kukutana namna hii, ugonjwa uleule wa mapafu ukimleta mmoja kutafuta uzima na ukiwamaliza wengine.

Mwanzoni mwa Septemba waliondoka Hiva Oa kuelekea visiwa vya Tuamotu, ambavyo mabaharia waliviita visiwa vya hatari: pete za matumbawe zisizoinuka sana juu ya maji, na mikondo isiyotabirika baina yake. Casco ilitolewa njiani na mkondo, ikaviona visiwa mahali isipovitazamia, kabla haijaingia salama katika wangwa wa Fakarava. Huko Stevenson alishikwa na mafua, ambayo kwake hayakuwa jambo dogo. Walipofika Papeete, mji mkuu wa Tahiti, alikuwa mahututi.

Fanny akaamua atolewe mjini. Kwa gari la farasi la Mchina mmoja, wakivuka mito mingi, mgonjwa alipelekwa mpaka kijiji cha Tautira, akafika hana fahamu zake. Binti wa kifalme aitwaye Moë, aliyepata kuwa malkia wa Raiatea, alisikia habari, akaja kumtazama, akamlisha samaki mbichi katika tui la nazi na ndimu. Mgonjwa akapata nafuu. Wakapewa nyumba na mkuu mmoja wa kijiji, Ori a Ori.

Kisha ikatokea habari ya mlingoti. Bi Margaret alikuwa amewaalika wanawake wa Tautira merikebuni, na ajuza mmoja akaomba dua, akimsihi Mungu kwamba ikiwa pana kasoro yoyote katika chombo kile, idhihirike. Wageni walipokwisha kushuka, nahodha alipanda kukagua, akakuta kichwa cha mlingoti mkubwa kimeoza kwa ndani. Chombo cha fahari kilichopita katika dhoruba za Tuamotu kilikuwa kikishikwa na kipande chembamba cha mti mzima. Otis akairudisha Casco Papeete polepole ili itengenezwe, na abiria wakabaki pwani.

Wiki zilipita bila habari. Akiba ya chakula ikaisha, na fedha haikuwapo. Aliyekuwa mwenye merikebu machoni pa watu akawa mgeni asiye na kitu. Hapo Ori akamwambia, kwa maneno yaliyohifadhiwa katika barua ya Fanny, kwamba yeye ni ndugu yake, kwamba ajua chakula chao kimekwisha, na kwamba samaki na majimbi yako tele. Wakae mpaka merikebu irudi, wala wasilie. Stevenson alishika kichwa akalia. Baadaye Ori mwenyewe alishika njia kwa mashua mpaka Papeete, akarudi na chakula na habari za nahodha.

Wawili hao walikuwa wamebadilishana majina. Stevenson alipewa jina la Teriitera, na Ori akatwaa la Louis, ambalo katika Kitahiti, lugha isiyo na sauti ya l, lilitamkwa Rui. Waingereza walioandika habari hizi walihangaika kutafuta neno la kuueleza uhusiano huo, wakaishia kusema "ndugu" kwa kuazima. Kiswahili hakina shida hiyo: hao walikuwa masomo, na msomaji wa pwani ajua mara moja ni nini apasacho somo kumtendea somo wake. Si sawasawa kabisa, maana kwa Watahiti jina lilichukua pamoja nalo sehemu ya heshima ya ukoo. Lakini ni karibu zaidi kuliko neno lolote la Kiingereza.

Takriban miezi miwili ya Tautira haikuwamo katika mpango wowote, na ndiyo iliyozaa mavuno. Hapo Stevenson alisikia kisa cha Rahero, akakitunga kuwa utenzi wa Kiingereza uliochapwa katika diwani yake ya mwaka 1890, na kumtabarukia Ori. Hapo pia aliiendeleza riwaya yake ya Ballantrae. Zaidi ya yote alianza kuona kwamba kupita si kujua. Alipofika Honolulu alikuwa amekusudia kitabu kikubwa cha kulinganisha lugha, desturi na historia za watu wa visiwa. Fanny alisikitika. Alimwandikia rafiki yao Sidney Colvin kwamba mumewe ana habari tamu zisizopata kumwangukia mtu, naye ataka kuziharibu kwa kuandika kitabu cha kisayansi juu ya lugha asizozijua. Wanazuoni wa lugha hawana budi kukubali kwamba katika neno la mwisho bibi huyu alikuwa na haki. Kujua maneno ya kuombea maji na samaki si kujua sarufi. Ila katika neno la kwanza, hukumu yake ilikuwa ya muuzaji wa barua. Magazeti nayo yalihukumu hivyohivyo: barua zilipochapwa mwaka 1891, hazikuwa na vituko vya kutosha kuwapendeza wanunuzi. Zilikusanywa katika kitabu mwaka 1896, mwandishi akiwa amekwisha kufariki Samoa, tarehe 3 Desemba 1894. Hivi sasa ni miongoni mwa shahada bora za hali ya Marquesas katika miaka ile, na sura zilizo nzito kwa gazeti ndizo ambazo mwanahistoria huzitafuta kwanza.

Casco iliondoka Tautira siku ya Krismasi ya 1888, ikafika Honolulu Januari 1889 baada ya shwari na dhoruba nyingi. Huko nahodha na mabaharia walilipwa haki zao, na merikebu ikarudishwa kwa mwenyewe. Haikubaki katika starehe. Ilitumiwa baadaye katika kazi nyingine za bahari, na mwisho wake ulikuwa mwaka 1919, ilipovunjika katika kisiwa cha King, kaskazini kabisa, katika bahari ya Bering.

Stevenson alipanga safari tena Juni 1889, mara hii katika merikebu ya biashara iitwayo Equator, iliyokwenda visiwa vya Gilbert kununua nazi kavu. Haikuwa na mahameli wala vioo. Katika mapatano yake lakini liliingizwa sharti ambalo Casco haikuwa nalo: kila mahali nanga ya merikebu itakapoangushwa, hata ikiwa kwa dakika 5 tu, Stevenson atakuwa na haki ya kuizuia hapo siku 3, bila kuongeza malipo.