Mwalimu na Mlango wa Nchi: Historia Fupi ya Usimamizi wa Wanafunzi wa Kigeni Nchini Marekani

Utangulizi

Katika karne ya 12 Kaisari Frederick Barbarossa alitoa sheria, ijulikanayo kwa jina la Kilatini Habita, kwa ajili ya watu walioacha makwao ili kutafuta elimu, hasa katika mji wa Bologna. Sheria hiyo iliwapa usalama njiani, ilikataza wasidaiwe madeni ya watu wa kwao, na iliwaruhusu, waliposhtakiwa, kuchagua kuhukumiwa na mwalimu wao au na askofu wa mji. Hivyo mwalimu aliwekwa kati ya mwanafunzi mgeni na nguvu ya dola, awe kinga yake. Katika makala hii twataka kuchunguza jinsi mwalimu huyo alivyohamishwa mahali pake katika nchi ya Marekani, ambako wachungaji na wanatheolojia wengi wa Afrika ya Mashariki wamepata elimu ya juu.

Msingi wa mwaka 1924

Wako wanaodhani kwamba usimamizi huu ulizaliwa baada ya mashambulio ya Septemba 2001. Lakini mzizi wake ni wa zamani zaidi. Sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia vibarua wa Kichina haikuwazuia wanafunzi, ila iliwataka Wachina wasiokuwa vibarua wawe na cheti cha serikali yao. Kisha ikaja sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924, iliyoweka idadi maalumu ya wahamiaji kwa kila taifa. Mwanafunzi aliwekwa nje ya hesabu hiyo, mradi awe na umri usiopungua miaka 15, aje kwa kusudi la kusoma tu, na aende kwenye shule iliyokubaliwa na Waziri wa Kazi. Shule nayo ilipaswa kuahidi kwamba itatoa taarifa mwanafunzi akiacha masomo. Isipofanya hivyo upesi, kibali chake kiliondolewa.

Yafaa tutambue uzito wa sharti hilo. Tangu mwanzo mlango ulifunguliwa kwa ukarimu, lakini ufunguo wake ulishikwa pamoja na shule. Sheria ya mwaka 1952 iliudumisha utaratibu huo, na ndio uliokuwapo Septemba 1959, vijana 81 wa Kenya walipowasili kwa juhudi za Tom Mboya. Hata hivyo, kwa miaka mingi taarifa hizo zilikuwa karatasi tu, na karatasi nyingi hulala kabatini.

Mtihani wa mwaka 1979

Tarehe 4 Novemba 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulitekwa. Wakati huo Wairani walikuwa wengi kuliko wanafunzi wa taifa lolote jingine la kigeni nchini Marekani. Siku chache baadaye serikali ya Rais Carter iliwaamuru wanafunzi wote wa Kiirani wafike mbele ya maofisa wa uhamiaji kabla ya tarehe 14 Desemba, wakiwa na uthibitisho wa masomo na makao yao. Jaji mmoja wa Washington aliibatilisha amri hiyo, akiona kwamba ilibagua watu kwa utaifa wao. Kabla ya mwezi kwisha, mahakama ya rufani iliirudisha. Hivyo ilithibitishwa kwamba mwanafunzi aweza kuulizwa kwa ajili ya tendo la watu wa kwao. Habita ilikuwa imekataza jambo la namna hiyo kuhusu madeni.

Kutoka karatasi hadi kompyuta

Bomu lilipolipuka New York tarehe 26 Februari 1993, ilionekana kwamba dereva wa gari lililolibeba alikuwa ameingia nchini mwaka 1989 kwa viza ya mwanafunzi, kisha akaacha chuo. Kwa hiyo Bunge, katika sheria ya mwaka 1996, liliagiza habari za wanafunzi wa kigeni zikusanywe kwa kompyuta. Vyuo vingi vililalamikia gharama na kazi hiyo, na utekelezaji ukaenda polepole.

Baada ya Septemba 2001 malalamiko hayo hayakusikilizwa tena. Kati ya watekaji 19 wa ndege, ni mmoja tu aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi, na chuoni hakufika. Lakini Machi 2002, miezi sita baada ya mashambulio, shule moja ya urubani ya Florida ilipokea barua za uhamiaji zilizoonyesha kwamba wawili wa watekaji waliokufa wamekubaliwa kuwa wanafunzi. Aibu hiyo iliharakisha mambo, na mwaka 2003 mfumo uitwao SEVIS ukawa wa lazima. Katika mfumo huo ofisa wa chuo huandika kama mwanafunzi amejiandikisha, anakaa wapi, na kama amepunguza masomo. Mwanafunzi mwenyewe hupewa siku 10 tu kutoa taarifa ya kuhama makao.

Hitimisho

Hatuna budi kukiri kwamba kila dola ina haki ya kujua ni nani aliye ndani ya mipaka yake, na kwamba udanganyifu umekuwapo. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hata jembe hutolewa na mwenyeji anayemfahamu mgeni wake kwa jina. Hatari ya kumbukumbu za kompyuta ilionekana mwaka 2025, pale kumbukumbu za maelfu ya wanafunzi zilipofutwa katika SEVIS, nyingi bila chuo wala mwanafunzi kuarifiwa kwanza. Wengi walikwenda mahakamani, na mwishoni mwa Aprili serikali ilitangaza kuzirudisha. Kwa wiki kadhaa mtu aliyekuwa darasani hakujua kama yumo nchini kwa halali.

Historia hii yatufundisha kwamba kuandika habari za mwanafunzi si kosa kwa chenyewe. Kosa huanza pale mwalimu anapokoma kuwa mtetezi na kubaki mwandishi wa taarifa tu. Vyuo vyetu navyo hupokea wageni kutoka ng'ambo ya mipaka, na wakuu wa vyuo hutia sahihi karatasi zao. Basi na ajiulize kila atiaye sahihi: mgeni huyu akishtakiwa kesho, nitasimama upande gani wa mlango?