Gutenberg na kesi ya mwenye pesa

Kibiashara cha kutengeneza tovuti tulichokianzisha na mwenzangu kimevunjika. Mimi niliandika programu, yeye akatoa pesa za kompyuta na seva. Mengi tuliahidiana kwa mdomo tu. Sasa tunaandikiana kupitia mawakili.

Katika kukosa usingizi nimekuwa nikisoma habari za Johannes Gutenberg wa Mainz, Ujerumani, yule wa mashine ya kupiga chapa. Chuoni tulifundishwa uvumbuzi wake. Kesi zake hatukufundishwa.

Mwaka 1450 tajiri mmoja, Johann Fust, alimkopesha gulden 800 kwa riba ya asilimia 6, vifaa vya kazi vikiwa rehani. Baadaye akaongeza 800 nyingine kwa ajili ya kazi ya vitabu, ya faida ya wote wawili. Sasa hizi za pili ni mkopo au mtaji? Hapo ndipo walipokosana. Mwaka 1455 Fust alidai jumla ya gulden 2,026, riba ikiwemo. Gutenberg akajibu kwamba riba ya zile 800 za kwanza iliandikwa tu, lakini Fust alimwambia kwa mdomo kuwa hataitaka. (Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikaenda kuchemsha chai.)

Ajabu ni kwamba alijua nguvu ya karatasi. Mwaka 1439 kule Strasbourg alishtakiwa na ndugu za mbia wake aliyefariki, waliotaka kuingia katika ubia. Makubaliano yaliyoandikwa yalisema warithi watapewa gulden 100 basi. Marehemu alikuwa bado anadaiwa 85, kwa hiyo Gutenberg akalipa 15, kesi ikaisha.

Mainz haikuwa hivyo. Tarehe 6 Novemba 1455 Fust aliapa mbele ya Ulrich Helmasperger, mthibitishaji wa hati, kwamba pesa hizo naye alizikopa kwa riba. Gutenberg hakufika, alituma watu. Upande wa Fust alikuwepo Peter Schöffer, ambaye baadaye alimwoa binti yake Fust.

Hati ile haisemi nani alibaki na mitambo. Lakini tarehe 14 Agosti 1457 ilitoka Zaburi ya Mainz, kitabu cha kwanza Ulaya kuchapwa pamoja na tarehe na majina ya waliokichapa: Fust na Schöffer. Jina la Gutenberg halimo katika kitabu chochote alichokichapa. Katika majalada ya mahakama limo.