Alipigwa Faini Shilingi 5, Jina Halikuandikwa: Wikiendi ya Baiskeli Kumsaka Mhunzi wa Uskoti

Juni 1842, mjini Glasgow. Jamaa mmoja anaingia mjini akiwa juu ya kidude cha ajabu chenye magurudumu. Hakuna farasi, hakuna punda, anakiendesha mwenyewe. Anafika eneo la Gorbals, anapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, na watu wanajaa kama wanavyojaa siku msanii mkubwa akionekana Kariakoo. Katika purukushani hizo mtoto mmoja anaangushwa chini. Kesho yake jamaa kasimamishwa kizimbani.

Bahati yake mtoto hakuumia. Faini ikawa ndogo, shilingi 5 za wakati ule, yaani robo ya pauni.

Gazeti la pale mjini likaiandika hiyo stori. Likasema jamaa katokea Thornhill, Dumfriesshire. Likasema siku ile alianzia Old Cumnock, maili 40, kama kilomita 64 hivi, na akazimaliza kwa saa 5. Likakisifia kidude kuwa kimetengenezwa kwa akili, halafu likakiponda hapohapo: nguvu inayotumika ni nyingi kuliko mwendo unaopatikana, na uvumbuzi huu hautaziondoa reli sokoni. Yaani kila kitu kimo. Kitu kimoja tu hakimo.

Jina.

Basi wadau, kutoka kwenye hiyo nafasi moja tupu ndiyo imezaliwa mojawapo ya ubishi mkubwa kwenye historia ya baiskeli duniani. Na kwa mtu anayetafuta wikiendi ya tofauti, siku 2 za kukanyaga pedali badala ya kukaa kwenye kochi na simu, ubishi huo una ramani yake kabisa. Unaanzia Dumfries, kusini magharibi mwa Uskoti, si mbali na mpaka wa England.

Huyo mhunzi ni nani?

Anaitwa Kirkpatrick Macmillan. Alizaliwa 1812 kwenye parokia ya Keir, jirani kabisa na Thornhill, na kazi yake ilikuwa uhunzi kwenye karakana ya familia inayoitwa Courthill. Stori inayosimuliwa ni kwamba mnamo 1839 alitengeneza chombo cha magurudumu 2, mwili wa mbao, magurudumu yamevishwa chuma. Mpanda chombo alisukuma vikanyagio kwa miguu, mbele na nyuma, na fito za chuma zikapeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu kabla ya hapo kulikuwa na kile chombo cha Mjerumani Karl Drais cha 1817. Kile kilikuwa na magurudumu 2 na usukani, lakini hakikuwa na pedali. Ulikikalia, halafu unasukuma ardhi kwa miguu kama mtu anayekimbia ameketi. Kama kweli Macmillan alifanya alichosimuliwa kufanya, basi yeye ndiye aliyeinua miguu ya binadamu kutoka chini na kuiweka kwenye mashine. Wafaransa walikuja na pedali zao, zilizofungwa kwenye gurudumu la mbele, miaka ya 1860.

Majirani walimwonaje? Inasimuliwa kwamba walimpachika jina la Pate Kichaa. Kama kawaida, ukifanya kitu ambacho mtaa haujawahi kukiona, mtaa unakupa jina kwanza, maswali baadaye.

Macmillan hakuomba hataza. Hakufungua kiwanda. Aliendelea kugonga chuma hadi alipofariki 1878. Wengine waliiga. Mmoja wao, Gavin Dalzell wa Lesmahagow, alitengeneza chombo cha namna hiyo miaka ya 1840, na watu wengi wakawa wanamtambua yeye kama mgunduzi. Mhunzi wa Keir akabaki kwenye vinywa vya wazee wa kijijini tu.

Sifa ilivyorudi nyumbani, na maswali yake

Miaka ya 1890, baiskeli sasa ni kiki ya dunia nzima. Kila mtu wa mjini anataka moja. Ndipo akajitokeza James Johnston, mfanyabiashara wa nafaka wa Glasgow, naye ni ndugu wa ukoo wa Macmillan. Akaapa kuthibitisha kwamba heshima ile ni ya watu wa Dumfries. Akazunguka kwa wazee, akakusanya kumbukumbu zao, na akaja na ile habari ya gazeti ya 1842. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu katokea Thornhill, kapanda kidude cha ajabu, atakuwa nani mwingine?

Stori ikanoga na nyongeza zake. Inasimuliwa hadi leo kwamba hakimu alivutiwa mno, akamwomba jamaa aendeshe kidogo uwanjani aone, halafu akamtilia kimyakimya hela ya kulipia faini. Tamu sana. Ila kwenye ile habari ya gazeti haimo.

Waswahili wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini historia inataka zaidi ya hapo, na wanaotilia shaka wana pointi zao nzito.

Kwanza, gazeti lilimwita yule jamaa kwa neno la watu wenye hadhi, mtu wa tabaka la kiungwana. Uingereza ya 1842 ilikuwa na matabaka kwelikweli, na mhunzi wa kijijini kuitwa hivyo si jambo la kawaida.

Pili, gazeti linasema magurudumu yalizungushwa kwa mkono, kwa mkombo. Sifa yote ya Macmillan inasimama kwenye miguu.

Tatu, halikusema magurudumu yalikuwa mangapi. Enzi zile vidude vya magurudumu 3 au 4 vilikuwepo.

Nne, hakuna chombo hata kimoja kinachojulikana kuwa kilitoka mikononi mwake kilichobaki. Zinazoonyeshwa leo ni nakala. Na huo mwaka 1839 umetoka kwenye kumbukumbu za watu zilizokusanywa nusu karne baadaye, na mtu aliyetaka jibu fulani tangu mwanzo.

Upande wa pili nao una lake. Kutokuwepo kwa karatasi si ushahidi kwamba kitu hakikufanyika. Mafundi wa vijijini wa karne ya 19 hawakuandika mambo yao, na mwandishi wa habari anaweza kukosea kati ya mkono na mguu, hasa kama hakukiona chombo chenyewe. Kwa hiyo kesi bado iko wazi. Na kesi ikiwa wazi, safari inanoga.

Ijumaa: fika Dumfries

Kutoka Glasgow kuna treni hadi Dumfries, kama saa 2 kasoro. Treni zinapokea baiskeli lakini nafasi ni chache, kwa hiyo panga mapema. Kwa aliyeko Dar au Nairobi, kwanza kuna habari ya viza ya Uingereza, hiyo haikwepeki. Ila kwa Waswahili walioko Glasgow, Edinburgh, hata London, hii ni safari ya kufunga begi dogo na kuondoka.

Mwezi wa 6 ni mzuri kuliko yote. Jua linachelewa kuzama hadi karibu saa 4 usiku, kwa hiyo hata ukifika jioni bado una mwanga wa kuzunguka mji. Dumfries ndipo alipofia mshairi Robert Burns mwaka 1796, na kaburi lake lipo palepale. Beba koti la mvua hata kama asubuhi anga ni safi. Na ujiandae na visubi, vidudu vidogo vinavyouma wakati wa kiangazi kana kwamba vinakudai.

Jumamosi: siku ya mhunzi

Toka Dumfries uelekee kaskazini, ufuate bonde la mto Nith. Hadi Keir ni kama kilomita 22. Kumbuka kule wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo hilo halitakusumbua. Barabara ndogo za mashambani ni nyembamba, kuna kondoo, kuna ng'ombe, na trekta likija unampisha mwenye shamba. Vilima vipo. Kama mapaja hayajazoea, kodi baiskeli ya umeme, hakuna aibu.

Courthill kuna kibao cha kumbukumbu ya Macmillan kwenye karakana ya zamani. Simama, tazama, piga picha yako, heshimu wanaoishi jirani. Kisha shuka kijijini Keir Mill, kwenye makaburi ya kanisa, ndiko alikozikwa. Mtu ambaye gazeti halikumtaja, au halikumhusu kabisa, ana jiwe lenye jina lake pale.

Mwendo mfupi mbele kuna kijiji cha Penpont, na hapo Mswahili lazima ashtuke. Hapo ndipo alipozaliwa Joseph Thomson mwaka 1858, yule mpelelezi aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884. Swala tomi unayemwona Serengeti amepewa jina kutoka kwake, na maporomoko ya Nyahururu kule Kenya bado wengi wanayaita Thomson's Falls. Yaani vijiji 2 vinavyopakana, kimoja kina mhunzi anayedaiwa kutengeneza pedali na kusahaulika, kingine kina kijana aliyeenda kwenye maporomoko ambayo wenyeji walikuwa na jina lao, na jina lake ndilo likaandikwa kwenye ramani. Mmoja alifanya bila kuandikwa, mwingine aliandika. Na wapagazi waliobeba mizigo ya Thomson wakitokea pwani yetu, ni wangapi majina yao yanajulikana leo?

Ukiwa na nguvu, endelea hadi kasri ya Drumlanrig, jumba la mawe ya rangi ya waridi la karne ya 17. Hapo ndipo mwaka 2003 wezi walipoiba mchoro wa Leonardo da Vinci mchana kweupe, ukaja kupatikana 2007. Baada ya hapo geukia Thornhill, ule, ulale. Siku nzima ni kama kilomita 40, haiui mtu.

Jumapili: msitu

Rudi Dumfries, kisha nenda msitu wa Mabie, kusini kidogo ya mji. Ni moja ya vituo vya 7stanes, mtandao wa njia za baiskeli za milimani kusini mwa Uskoti. Stane ni jiwe kwa Kiskoti, na kila kituo kina jiwe lake la kuchongwa. Njia zimepangwa kwa rangi: kijani kwa wanaoanza, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi kwa waliojitoa mhanga. Usiingie nyeusi kwa ajili ya picha.

Kitu kizuri cha Uskoti ni sheria yao ya ardhi ya 2003. Inampa kila mtu haki ya kupita sehemu kubwa ya nchi, kwa miguu au kwa baiskeli, mradi awe mstaarabu: funga geti ulilofungua, usivuruge mazao, usisumbue mifugo.

Na ukitaka kurudi kwa safari ndefu, siku hizi kuna njia ya kutoka Stranraer magharibi hadi Eyemouth mashariki, kama kilomita 400. Imepewa jina la Kirkpatrick. Mhunzi kashinda kwenye ramani, hata kama wanahistoria hawajamaliza kesi yake.

Sasa nani mkweli?

Huenda yule jamaa wa Gorbals alikuwa Macmillan. Huenda alikuwa bwana mmoja mwenye pesa zake na kidude cha magurudumu 3, akalipa shilingi 5, akarudi zake nyumbani, na leo hajulikani kabisa. Kama ni hivyo, basi waliosahauliwa ni wawili: bwana yule aliyenyang'anywa safari yake, na mhunzi aliyepewa safari isiyo yake wakati kazi yake ya kweli haikuandikwa na yeyote.

Na hili haliko mbali na kwetu. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, na lilianza na baiskeli, si pikipiki. Vijana waliwapakia abiria kwenye keria na kuwavusha kutoka boda hadi boda. Leo kazi hiyo inalisha familia kila mji wa Afrika Mashariki. Nani alikuwa wa kwanza kumwambia abiria panda nyuma nikuvushe? Wapo wazee kule wanaowakumbuka vijana wale kwa majina. Wakiondoka nao, atabaki kama yule wa Gorbals, mwendo unajulikana, nauli inajulikana, jina hakuna.

Kwa hiyo ukienda Keir, piga picha ya kaburi. Ukirudi mtaani kwako, muulize fundi baiskeli mzee pale kona alianza lini, alifundishwa na nani, na kitu gani alikibuni mwenyewe. Halafu andika, na jina lake lianze.

Wewe unaonaje, gazeti lilimkosea Macmillan au Johnston alimpa ndugu yake sifa ya mtu mwingine? Shusha maoni yako hapo chini.