Mikono ya Namirembe: Sehemu ya Kwanza

Jumapili, tarehe 15 Mei, 1955. Upo? Basi ingia nami polepole katika Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala.

Wanaume wanne wanawekwa wakfu leo. Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya. Daniel Deng Atong wa Sudan.

Na wa kwetu je? Yohana Omari, kutoka Dayosisi ya Central Tanganyika, ile yenye makao Dodoma.

Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, ananyoosha mikono. Maaskofu wenzake nao wananyoosha ya kwao.

Subiri! Usiiruhusu ishuke bado.

Tangu dayosisi ianze mwaka 1927, miaka 28 sasa, kiti cha askofu Dodoma kimekaliwa na wageni kutoka Australia: Chambers, akaja Wynn Jones, akaja Stanway. Wenyeji walihubiri, walifundisha, walizika wafu wao. Uaskofu? Thubutu!

Omari akiinuka hapo atakuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika nzima. Askofu msaidizi, sawa. Lakini naye ataweza kumwekea mwingine mikono. Umeona uzito wake?

Sasa niambie, kwani Fisher peke yake hatoshi?

Hatoshi! Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliagiza askofu mpya awekwe na maaskofu wa jimbo lote. Ikishindikana, wasipungue watatu. Naiheshimu sana sheria hii. Mkubwa mmoja asije akamsimika mtu wake kichochoroni.

Haya, mikono na ishuke. Inuka, Baba Askofu Omari!

Unadhani tumemaliza? Ndiyo kwanza tunaanza. Hao maaskofu wa mwanzo kabisa, nani aliwaweka?

Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignatio wa Antiokia anapelekwa Rumi kuuawa. Minyororo mwilini, askari 10 ubavuni. Njiani anaandika barua 7, na anasisitiza tena na tena: mshikeni askofu wenu, mmoja, pamoja na wazee wa kanisa na mashemasi.

Ila barua yake kwa Warumi haimtaji askofu wa Rumi hata mara moja. Kwa nini?

Chukua Biblia, fungua Wafilipi, mstari wa kwanza. Paulo anasalimu maaskofu. Wengi! Mji mmoja! Na kati ya barua hizo mbili ni kama miaka hamsini tu.

Mimi naamini mabadiliko yalikuja taratibu. Wazee wa kanisa walihitaji mmoja wa kuandika barua, kupokea wageni na kutunza sadaka. Naye akazidi kukua.

Lakini Korintho hakukuwa na taratibu. Karibu mwaka 96, wachache wamewang'oa wazee wa kanisa madarakani. Kanisa la Rumi limeandika barua ndefu na kali: warudisheni!

Wajumbe watatu wameibeba. Wamefika. Korintho inawatazama.

Itapokelewa, au itachanwa mbele yao?

Itaendelea Jumamosi ijayo.