Mboga za msimu wa mvua mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu mjini Bariadi, hufahamika zaidi kwa pamba na ukame. Hata hivyo, mkulima wa mboga huko hupata hasara pia pale mvua inapozidi.

Chanzo ni udongo mweusi wa mfinyanzi uitwao mbuga. Wakati wa kiangazi hupasuka. Ukilowa hufura na kuzuia maji kupenya. Mizizi hukosa hewa, majani hugeuka manjano na miche huoza.

Kinga ya kwanza ni kupanda juu ya matuta yaliyoinuliwa, yaliyochanganywa samadi iliyooza, na kuchimba mitaro kati yake. Luseni, yaani udongo wa kichanga, hautuamishi maji hivyo, lakini rutuba yake ni haba.

Nyanya husimikiwa miti na kupewa nafasi ili hewa ipite na kukausha majani, kwani unyevunyevu na ubaridi huchochea ugonjwa wa bakajani chelewa.

Majani ya kunde yanayostawi msimu huo hukaushwa kuwa nsansa, mboga ambayo Wasukuma huihifadhi kwa ajili ya kiangazi. Hivyo, shamba lililozama kwenye mvua huacha chungu kitupu miezi ya jua.